Klipu ya Mwenzako: Mipaka ya Hakimiliki kwa Watengeneza Maudhui

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtu akirekodi wimbo, akipiga picha au akihariri video, sheria humpa palepale uwezo wa kuamua nani ainakili, nani aisambaze na nani aionyeshe kwa umma, hata kama hajaisajili popote. Kanuni hiyo imo katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kwa nguvu ya mkataba huo, video iliyotengenezwa Mbagala inalindwa Marekani, na wimbo uliorekodiwa Los Angeles unalindwa Mombasa.

Hata hivyo, hakuna nchi iliyompa mwenye kazi mamlaka yasiyo na ukomo. Mhakiki wa filamu lazima aionyeshe kidogo filamu anayoihakiki. Mwalimu hunukuu kitabu, mwandishi wa habari huonyesha picha inayozua mjadala, mchekeshaji huigiza wimbo anaoukejeli. Kila sheria ya hakimiliki imeacha mlango kwa ajili ya watu hawa. Migogoro mingi ya mtandaoni inahusu upana wa mlango huo, na nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu aliyeupitia.

Orodha na mizani

Nchi huweka mlango huo kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni orodha: sheria hutaja matumizi yanayoruhusiwa, na yasiyotajwa yanahitaji kibali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inafuata njia hii, ikitaja utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa, kwa sharti la kutaja chanzo. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 nayo inaruhusu mambo kama kunukuu kwa kiasi kinacholingana na lengo la nukuu, na kutumia kazi kwa mfano katika kufundishia, mradi chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003.

Njia ya pili ni mizani. Sheria haitaji orodha iliyofungwa, bali humpa jaji vigezo vya kupimia kila tukio peke yake. Hayo ndiyo matumizi ya haki kama yanavyojulikana Marekani, na chimbuko lake ni kesi ya mwaka 1841 huko Massachusetts. Mwandishi mmoja alikuwa amechukua kurasa 353 kutoka mkusanyiko wa maandishi ya George Washington ili atunge kitabu chake cha wasifu. Jaji Joseph Story alimkatalia, na katika kueleza sababu akaweka vipimo ambavyo Bunge la Marekani liliviingiza katika kifungu cha 107 cha sheria ya mwaka 1976. Uganda ilipotunga sheria yake ya mwaka 2006 ilichukua vigezo vinavyofanana na hivyo.

Mtengeneza maudhui wa Afrika Mashariki anaishi chini ya mifumo yote miwili. Sheria ya nchi yake inamhusu, lakini jukwaa analopakia kazi zake kwa kawaida ni la kampuni ya Marekani, na malalamiko huendeshwa kwa utaratibu uliotokana na sheria ya huko.

Vigezo vinne

Kigezo cha kwanza ni lengo na namna ya matumizi. Jaji huuliza kama kazi mpya imeongeza maana, ukosoaji au maelezo, au imerudia tu kazi ileile. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza shauri la kundi la 2 Live Crew, lililokuwa limeugeuza wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", kuwa kejeli. Kundi hilo liliomba ruhusa likanyimwa, likautoa wimbo hivyohivyo. Mahakama ilisema kuuza kazi kibiashara hakutoshi peke yake kuondoa utetezi wa matumizi ya haki, na kwamba kejeli inayoisema kazi yenyewe inaweza kulindwa.

Miaka 29 baadaye mahakama hiyohiyo ilibana kigezo hicho. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981, na msanii Andy Warhol akaitumia kutengeneza michoro kadhaa. Mwaka 2016 taasisi inayosimamia kazi za Warhol iliruhusu jarida moja kutumia mchoro mmojawapo kwa dola 10,000. Goldsmith hakupata kitu. Mei 2023 majaji saba kati ya tisa waliamua kwamba, kwa matumizi hayo, mchoro na picha vilikuwa na kazi moja: kupamba habari inayomhusu Prince. Mtindo mpya wa sanaa haukutosha. Funzo kwa watengeneza maudhui ni kwamba kubadilisha rangi, kugeuza picha kushoto-kulia au kuongeza kasi ya sauti hakuipi kazi lengo jipya.

Kigezo cha pili ni asili ya kazi iliyochukuliwa. Taarifa za matukio hupata ulinzi hafifu kuliko wimbo, tamthilia au riwaya, na kazi ambayo haijatolewa kwa umma hulindwa kwa ukali zaidi.

Kigezo cha tatu ni kiasi kilichochukuliwa, na hapa ubora huhesabiwa pamoja na wingi. Jarida la The Nation lilinukuu maneno 300 hivi kutoka kumbukumbu za Rais Gerald Ford kabla kitabu hakijatoka. Ilikuwa sehemu ndogo mno ya mswada, lakini ilikuwa sehemu iliyosubiriwa kuliko zote: jinsi Ford alivyomsamehe Richard Nixon. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliona kwamba The Nation ilichukua kiini cha kitabu, ikaukataa utetezi wake.

Kesi hiyo inaeleza pia kigezo cha nne, yaani athari kwa soko la mwenye kazi. Jarida la Time lilikuwa limekubali kulipia haki ya kuchapisha sehemu hiyo kwanza. Baada ya The Nation kuwahi, Time ilijitoa na kukataa kulipa dola 12,500 zilizobaki. Hasara ilionekana waziwazi. Kwa mfano wa nyumbani, mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Chaneli inayopakia bao zima dakika chache baada ya kufungwa inatoa bure kitu kilekile ambacho mwenye haki amekilipia ili akiuze. Mchambuzi anayesimamisha picha, akachora mistari ya mabeki na kueleza kosa la kuotea lilivyofanyika, yuko mahali tofauti, ingawa naye hana kinga ya moja kwa moja.

Hakuna kigezo kinachoamua peke yake. Jaji huvipima vyote kwa pamoja, na ndiyo maana wanasheria wawili wazuri wanaweza kuitazama video moja wakatofautiana.

Video za kuhakiki zilipofika mahakamani

Kwa muda mrefu vigezo hivi vilijaribiwa na wachapishaji na kampuni za filamu. Mahakama zilianza kuwatazama watengeneza maudhui wa kujitegemea katika muongo uliopita.

Mwaka 2015 mahakama ya shirikisho huko California iliamua mgogoro kati ya Equals Three, waliotengeneza vipindi vya vichekesho vya YouTube, na Jukin Media, kampuni inayonunua haki za video zilizosambaa mtandaoni. Equals Three walionyesha vipande vya video hizo huku mtangazaji akizifanyia utani. Jaji aliona karibu vipindi vyote vilivyobishaniwa ni matumizi ya haki, kwa kuwa utani ulielekezwa kwenye video zenyewe. Kimoja kilishindwa: ndani yake video ilitumika kusimulia tukio, bila kuhakikiwa.

Kesi iliyosikika zaidi ilihusu Ethan na Hila Klein, mume na mke wenye chaneli ya h3h3Productions. Mwaka 2016 walitoa video ya karibu dakika 14 wakimkejeli mtengeneza filamu fupi, Matt Hosseinzadeh. Filamu yake ilikuwa ya dakika 5 na sekunde 24, na wao walitumia dakika 3 na sekunde 15 za filamu hiyo, yaani zaidi ya nusu. Hosseinzadeh aliwashtaki New York. Gharama za mawakili zilikuwa kubwa kiasi kwamba watengeneza maudhui wenzao waliendesha mchango uliokusanya zaidi ya dola 100,000.

Agosti 2017 Jaji Katherine Forrest aliwapa ushindi. Alieleza kwamba wanandoa hao walisimamisha filamu mara kwa mara, wakachambua uigizaji, maneno na maudhui yake kipande kwa kipande, na kwamba uchambuzi wa namna hiyo hauwezekani bila kuonyesha kinachochambuliwa. Mtazamaji aliyetaka kuiona filamu ya asili asingeridhika na video yao, kwa hiyo soko la filamu halikuchukuliwa. Lakini jaji aliweka angalizo: hukumu yake haikuhalalisha kila video ya aina hiyo. Zipo ambazo mtu huketi pembeni ya skrini, akacheka na kutikisa kichwa huku kazi ya mwenzake ikichezwa mwanzo hadi mwisho. Hizo zinakaribia zaidi kualika watu waitazame kazi bila ruhusa ya mwenyewe.

Tofauti kati ya aina hizo mbili ndiyo kiini cha suala zima. Dakika tatu zilizochambuliwa zilipona; sekunde kumi zisizosemwa lolote zinaweza kuangusha.

Kanuni za jukwaa na kanuni za mahakama

Watengeneza maudhui wengi hawatafika mahakamani kamwe. Hukumu yao hutolewa na mfumo wa jukwaa, na huko hatua ni mbili tofauti ambazo mara nyingi huchanganywa.

Ya kwanza ni dai la Content ID, mfumo ambao YouTube iliuanzisha mwaka 2007. Kampuni za muziki, filamu na utangazaji huweka humo nakala za kazi zao, na kompyuta hulinganisha kila video inayopakiwa na nakala hizo. Zikifanana, mwenye haki huchagua kuizuia video, kuchukua mapato yake ya matangazo, au kufuatilia takwimu zake tu. Dai la namna hii halileti straiki, yaani onyo rasmi la jukwaa, kwa chaneli. Kasoro yake ni kwamba kompyuta inaweza kutambua sauti, lakini haiwezi kutambua lengo. Uhakiki makini na wizi wa wazi huonekana sawa mbele yake. Katika ripoti ya YouTube ya nusu ya kwanza ya mwaka 2021, madai yalikuwa zaidi ya milioni 722. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1, na katika hayo, asilimia 60 hivi yaliisha kwa ushindi wa aliyepakia video. Pamoja na hayo, aliyewekewa dai kimakosa asipolipinga, mapato yake huendelea kwenda kwa mwingine.

Hatua ya pili ni taarifa rasmi ya kuondoa kazi, inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ijulikanayo kama DMCA. Sheria hiyo inalikinga jukwaa lisishtakiwe kwa makosa ya watumiaji wake, mradi liiondoe haraka kazi inayolalamikiwa. Jukwaa halihukumu nani mkweli. Linashusha video kwanza. Kwenye YouTube chaneli hupata straiki, na straiki tatu zilizo hai kwa wakati mmoja zinaweza kuifuta chaneli nzima. Kwa kawaida straiki huisha nguvu baada ya siku 90 ikiwa mhusika amemaliza somo fupi la hakimiliki.

Nguvu ya taarifa hiyo ilionekana Novemba 2019, wimbo "Uno" wa mwanamuziki wa Tanzania, Harmonize, uliposhushwa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba biti yake ilitumika. Wimbo ulirudi baadaye. Hakuna mahakama iliyohitajika kuunyamazisha, wakati ukiwa bado moto sokoni.

Nguvu hiyo ina mpaka wake. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania, Stephanie Lenz, alipakia video ya sekunde 29 ya mwanawe mdogo akicheza jikoni huku wimbo wa Prince ukisikika hafifu. Universal Music iliomba ishushwe. Lenz alishtaki, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya San Francisco ikaamua kwamba mwenye haki lazima afikirie kwanza kama matumizi ni ya haki kabla ya kutuma taarifa ya kushusha kazi. Kesi yenyewe iliisha kwa makubaliano mwaka 2018, miaka 11 baada ya video kupakiwa. Kenya nayo, katika marekebisho ya sheria yake ya mwaka 2019, iliweka utaratibu wa taarifa za kushusha kazi na kumfanya anayetuma taarifa ya uongo kuwa mkosaji.

Aliyeshushiwa video anaweza kutuma notisi ya kupinga. Notisi hiyo ikikubaliwa, mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipofanya hivyo, video hurudishwa. Lakini notisi si fomu ya kujaza kwa hasira. Anayeisaini hutoa jina na anwani yake, ambavyo hupelekewa mlalamikaji. Huapa kwamba anaamini video ilishushwa kimakosa, na kusema uongo hapo ni kosa la kiapo. Kwa mkazi wa nje ya Marekani kuna jambo zito zaidi: anakubali kushtakiwa katika mahakama ya shirikisho ya Marekani kule jukwaa linakopatikana. Huko, kazi iliyosajiliwa kwa wakati inaweza kumpa mwenyewe fidia ya dola 750 hadi 30,000, na hadi 150,000 kosa likiwa la makusudi, bila kuthibitisha hasara halisi.

Imani zisizo na msingi

Baadhi ya imani zimeenea kiasi cha kuonekana sheria. Inasemekana sekunde 7, 10 au 30 za wimbo ni bure. Hakuna kifungu kinachosema hivyo, na maneno 300 ya Ford ni ushahidi kwamba ufupi peke yake hauokoi. Wengine huandika chini ya video kwamba hawana nia ya kuvunja hakimiliki. Maneno hayo hayabadilishi kitendo, na yanaweza kuonyesha kwamba mwandishi alijua kazi ina mwenyewe. Kutaja jina la msanii ni sharti mojawapo la sheria za Kenya na Tanzania, lakini ni sharti la kuongezea: haligeuzi nakala kuwa uhakiki. Kutopata pesa husaidia katika mizani, lakini mwenye kazi anaweza kupoteza soko kwa mtu asiyelipwa senti.

Muziki huleta mkanganyiko wa pekee kwa sababu wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Anayeimba upya wimbo wa mwingine kwa sauti na ala zake amekwepa rekodi, lakini utunzi bado una mwenyewe. Kadhalika wimbo wa zamani ambao ulinzi wa utunzi wake umekwisha, miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa Kenya na Tanzania, unaweza kuwa na rekodi mpya inayolindwa.

Kujikinga na kujitetea

Kinga ya kwanza ni kutumia kazi ambazo ruhusa yake inajulikana: muziki wa maktaba ya sauti ya YouTube, kazi zenye leseni huria za Creative Commons kwa kufuata masharti yake, au kibali cha mwenye kazi kilichoandikwa. Ujumbe wa WhatsApp unaoeleza kazi gani, kwa matumizi gani na kwa muda gani una thamani kuliko ahadi ya mdomo. Aliyekodi biti ahifadhi risiti na mkataba, kwa sababu mauzo yasiyo ya kipekee humaanisha wasanii kadhaa wana biti ileile.

Kazi ya mwingine inapohitajika kwa uhakiki, maswali ya kujiuliza ni machache. Je, maneno ya mhakiki yanaisema klipu yenyewe? Je, klipu imekatwa pale hoja inapoishia? Je, mtazamaji bado atahitaji kwenda kwenye kazi ya asili? Majibu yaandikwe na kutunzwa pamoja na faili za uhariri, kwa kuwa ndiyo yatakayojaza fomu ya kupinga siku dai likija.

Dai likifika, hatua ya kwanza ni kusoma ni la aina gani, nani kalileta na linahusu dakika ipi. Mara nyingi kukata sehemu hiyo, kubadilisha muziki au kuzungumza na mlalamikaji humaliza jambo. Mwenye ushahidi wa leseni au hoja halisi ya uhakiki apinge kwa utaratibu wa jukwaa. Kabla ya notisi rasmi ya kupinga, ushauri wa mwanasheria unastahili gharama yake.

Kwa upande wa pili, mtengeneza maudhui anayeibiwa kazi ana silaha hizohizo. Usajili si sharti la kupata haki, lakini cheti cha taasisi ya hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya hurahisisha kuthibitisha nani alitangulia. Naye ana wajibu uleule wa kujiuliza, kabla ya kushusha video ya mwenzake, kama kaibiwa au kakosolewa. Matumizi ya haki ni utetezi anaoutoa mtu akiwa tayari ameshalalamikiwa. Haumzuii yeyote kulalamika, na kuuthibitisha kunaweza kuchukua miaka na kugharimu fedha nyingi. Kwa hiyo mwenye shaka aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kupakia, na akinyimwa, aonyeshe tu kiasi ambacho hoja yake haiwezi kusimama bila hicho.